Hewa chafu ya miaka mingi na vifo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wakazi wa Dar es Salaam

Hewa chafu inaua kweli, au ni namna ya kusema tu?

Inaua, ila si kwa mtindo wa ajali. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba hewa chafu ya nje ilihusika na vifo milioni 4.2 duniani mwaka 2019, na moshi wa majumbani (kuni, mkaa, mafuta ya taa) vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Wengi wa marehemu hao hawakufa kwa kukosa pumzi. Walikufa kwa moyo na kiharusi. Nyuma yao ndipo wanakuja wa ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, saratani ya mapafu na, kwa watoto wadogo, nimonia. Anayesubiri akohoe ndipo aamini kwamba moshi unamdhuru, analinda mlango ambao mwizi hapiti.

Mbona sijawahi kuona cheti cha kifo kilichoandikwa "hewa chafu"?

Kwa sababu daktari huandika ugonjwa, haandiki kilichouchochea. Mvutaji sigara naye huandikiwa saratani au moyo, si "sigara". Kesi ya kipekee inayotajwa sana ni ya Ella Adoo-Kissi-Debrah, mtoto wa miaka 9 aliyekuwa na pumu kali na kuishi karibu na barabara yenye magari mengi kusini mwa London. Alifariki mwaka 2013, na Desemba 2020 ofisa wa uchunguzi wa vifo akaamua kwamba hewa chafu ilichangia. Ilichukua miaka saba kufika hapo kwa mtoto mmoja. Ndiyo maana vifo hivi huhesabiwa kwa jamii nzima, si kwa kaburi mojamoja.

"Muda mrefu" ni muda gani? Siku moja ya moshi mzito si mbaya zaidi?

Wataalamu wakisema muda mrefu wana maana ya wastani wa mwaka, na athari zinazojengeka kwa miaka. Siku za moshi mzito zina madhara yake: ukungu wa moshi wa London wa Desemba 1952 ulidumu siku tano, na makadirio ya waliokufa yanaanzia 4,000 hadi 12,000. Lakini kwa mtu wa kawaida, kinachopunguza miaka ya kuishi ni kile kiwango cha wastani anachokivuta Jumatatu hadi Jumapili bila hata kukiona. Siku ambayo jirani amechoma matairi utaikumbuka mwaka mzima. Siku nyingine 364 hutazikumbuka, na ndizo zenye uzito.

Kinachoua hasa ni kitu gani kwenye hiyo hewa?

Mshitakiwa mkuu ni chembe laini ziitwazo PM2.5, yaani zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5. Unywele wa binadamu una unene wa mikromita 50 hadi 70, kwa hiyo chembe hizi huzioni. Moshi unaouona ni rundo lake tu. Vumbi la barabarani sehemu kubwa ni chembe kubwa zaidi, na nyingi hunaswa puani na kooni. Zile laini hupita zote hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, mahali damu inapochukulia oksijeni.

Zikifika pale, mwili huzipokea kama uvamizi. Mapafu huvimba kidogo kidogo, kemikali za uvimbe huingia kwenye damu, kuta za mishipa hukakamaa, na mafuta yaliyoganda ndani ya mishipa huongezeka na kuwa rahisi kupasuka. Yakipasuka damu huganda papo hapo: kwenye moyo ni shambulio la moyo, kwenye ubongo ni kiharusi. Mwenye presha au kisukari yuko karibu zaidi na ukingo huo. Ziko pia gesi, hasa naitrojeni dioksaidi inayotoka kwenye magari ya dizeli. Mwaka 2012 wakala wa WHO wa utafiti wa saratani uliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu, na mwaka uliofuata, 2013, ukaiweka humo hewa chafu ya nje yenyewe.

Wamejuaje? Labda wanaokaa kwenye moshi ni maskini, wanavuta sigara na hawapati matibabu.

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na watafiti walilianza nalo. Utafiti uliofungua njia ulichapishwa Marekani mwaka 1993. Walifuatwa watu wazima 8,111 katika miji sita kwa miaka 14 hadi 16, huku kila mmoja akiulizwa sigara, elimu, uzito na kazi anayofanya. Baada ya kuondoa athari za mambo hayo kwenye hesabu, waliokaa Steubenville, Ohio, mji uliokuwa na hewa chafu kuliko yote sita, walikuwa wakifa kwa kasi iliyozidi ya wale wa Portage, Wisconsin, kwa asilimia 26. Viwanda vilipinga, data ikarudiwa kuchambuliwa na watu wengine, na jibu likabaki lilelile. Mwaka 2002 ukaja uchambuzi wa watu wazima wapatao 500,000: kila maikrogramu 10 za PM2.5 zinazoongezeka kwenye kila mita ya ujazo wa hewa ziliambatana na ongezeko la vifo vyote la asilimia 4, vya moyo na mapafu asilimia 6, na vya saratani ya mapafu asilimia 8.

Kuna pia bonde la Utah, ambako kiwanda cha chuma kilifungwa kwa miezi 13 kati ya 1986 na 1987 kwa sababu ya mgogoro wa wafanyakazi. Watu walikuwa walewale, na hata hospitali hazikubadilika. Watoto waliolazwa kwa matatizo ya kifua walipungua sana, na kiwanda kilipofunguliwa wakaongezeka tena. Umaskini hauwezi kwenda likizo ya miezi 13 kisha ukarudi.

Ukweli wa kusema wazi: tafiti nyingi za kufuata watu kwa miaka zimefanyika Marekani, Kanada, Ulaya na China. Afrika ni chache mno. Sisi tunaazima namba za wengine, lakini mapafu na mishipa hatukuazima.

Kiwango salama ni kipi?

Mwongozo wa WHO wa mwaka 2021 unataka wastani wa mwaka wa PM2.5 usizidi maikrogramu 5 kwa mita ya ujazo, na wastani wa saa 24 usizidi 15. Mwongozo wa 2005 ulikuwa 10 na 25. Uliteremshwa kwa sababu tafiti mpya zilikuta vifo vikiongezeka hata chini ya 10. WHO imeweka pia ngazi za kushukia kwa nchi zilizo mbali na lengo: 35, kisha 25, 15 na 10. Asilimia 99 ya watu duniani wanavuta hewa isiyokidhi mwongozo, kwa hiyo Dar haiko peke yake. Tanzania ina Kanuni za Viwango vya Ubora wa Hewa za mwaka 2007, zilizo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004.

Zile namba za vifo zinapatikanaje?

Kwa hesabu ambayo mtu mwenye kikokotoo cha simu anaweza kuifuata. Mapitio ya tafiti yaliyotumika kuandaa mwongozo wa 2021 yalikuta hatari ya kufa ikipanda kwa asilimia 8 kwa kila maikrogramu 10. Chukua mfano, na ni mfano tu wala si kipimo cha kata yoyote: wastani wa mwaka ni 25, nao tunaulinganisha na 5. Tofauti ni 20, yaani makumi mawili. Zidisha 1.08 kwa 1.08, unapata 1.166. Gawa 1 kwa 1.166, unapata 0.857. Kilichobaki kufika 1 ni 0.143, yaani asilimia 14. Basi kati ya vifo 1,000 vya watu wazima kwa magonjwa, 143 hivi visingetokea wakati vilipotokea.

Angalia maneno hayo ya mwisho. Hakuna anayesema watu hao wasingekufa kamwe. Wangekufa baadaye.

Dar tuna upepo wa bahari. Hautusafishii?

Unatusaidia, na bila huo hali ingekuwa mbaya zaidi. Kusi kuanzia Aprili hivi hadi Oktoba, na kaskazi Desemba hadi Machi, husukuma moshi, na mvua za masika huosha hewa. Ila upepo wa mchana unaotoka baharini hauufuti moshi. Unaupeleka bara, kwa watu wa Tabata, Ubungo na Kimara. Usiku na alfajiri upepo hutulia, hewa ya baridi hukaa chini mabondeni, na moshi wa jioni hubaki juu ya mapaa. Kariakoo nako maghorofa yamebanana kiasi kwamba moshi wa magari unazunguka mtaa uleule.

Kwangu mimi, moshi mwingi unatoka wapi?

Usikisie kwa harufu. Piga hesabu ya saa. Mfano tena: mama lishe anakaa saa 3 jikoni penye maikrogramu 200, saa 2 kwenye daladala penye 60, na saa 19 zilizobaki penye 25. Zidisha na ujumlishe: 600 na 120 na 475 ni 1,195. Gawa kwa 24, wastani wake ni karibu 50. Akipunguza moshi wa jiko hadi 50, wastani unashuka hadi 31. Akiliacha jiko vilevile na safari yake ikawa kwenye hewa ya 25, wastani unashuka hadi 47 tu. Watu wengi wanaolalamikia foleni ya Buguruni wana adui mkubwa zaidi nyuma ya mlango wao wa uani.

Dereva wa bajaji, trafiki wa Tazara na muuza maji wa kwenye mataa, hesabu yao inageuka kabisa. Wao barabara ndiyo jiko.

Basi tuanze na jikoni. Nifanye nini?

Gesi au umeme ndilo jibu la kweli. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Kinachokwamisha manufaa ni kwamba mtungi wa kilo 6 unaingia na jiko la mkaa halitoki. Gesi inachemsha chai, mkaa unabaki na maharage na makande ya jioni ya kuuza. Ukifanya hivyo moshi mwingi bado upo, kwa sababu vyakula vya kuchemka muda mrefu ndivyo vinavyokula saa. Loweka maharage usiku kucha. Ukiweza, nunua sufuria ya presha ya umeme: ya wati 1,000 inaivisha maharage kwa chini ya uniti moja ya Luku, kwa sababu hita yake haiwaki muda wote.

Kwa mtungi: usimamishe wima, usiulaze. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama sakafuni. Acha uwazi chini ya mlango, si dirisha pekee. Kila unapobadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye regyuleta na kwenye maungio ya mpira. Povu likitoa mapovu yanayokua, funga. Mpira uliopasuka au kuwa mgumu hautengenezwi kwa selotepu.

Kama mkaa ndio uliopo, dakika mbaya kuliko zote ni za kuwasha. Washia nje, subiri makaa yawe mekundu yasiyotoa moshi, ndipo uingize jiko, na liwe jirani na dirisha. Usiwashie mfuko wa plastiki wala kipande cha ndala. Moshi ule una sumu kuliko wa mkaa wenyewe. Mkaa mbichi au uliolowa unaurudisha moshi mwanzo. Na hata mkaa usiotoa moshi hutoa kabonimonoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu: usilale na jiko ndani, hata lililofunikwa majivu. Hiyo haihitaji miaka. Inaua usiku mmoja.

Nikihamia gesi leo, mwanangu atazaliwa na afya bora?

Hapa tusikudanganye. Jaribio kubwa lililofanyika Guatemala, India, Peru na Rwanda liliwapa gesi nusu ya wajawazito 3,200. PM2.5 waliyovuta ilikuwa 24, dhidi ya karibu 71 kwa waliobaki na kuni na mkaa. Hata hivyo uzito wa watoto waliozaliwa haukutofautiana kwa maana, na nimonia ya watoto wachanga haikupungua. Wapo wanaosema gesi ilichelewa, kwa kuwa mimba zilikuwa tayari na wiki kadhaa. Sisi tunaona jingine pia: hata 24 ni karibu mara tano ya 5, na moshi wa majirani hauna mpaka. Faida ya moyo na mapafu kwa mpikaji mwenyewe ni suala la miaka, jaribio la mimba moja haliwezi kuipima.

Naishi kando ya Barabara ya Mandela, malori ya bandarini yanapita usiku na mchana. Nihame?

Moshi wa magari hupungua haraka unapoiacha barabara. Sehemu inayoathirika zaidi ni ndani ya mita 300 hadi 500, na mita zile za kwanza ndizo mbaya kuliko zote. Ukitafuta chumba, nyumba ya mtaa wa tatu ndani ni tofauti halisi. Asiyeweza kuhama abadilishe vyumba: kitanda kiwe upande usiotazama barabara, na dirisha la barabarani lifungwe saa za foleni. Ukuta mrefu au mstari wa miti minene husaidia kidogo. Mti mmoja wa mwarobaini ni kivuli tu.

Gari langu linatoa moshi. Rangi ina maana?

Ina maana sana. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa: anza na filta ya hewa iliyoziba, kisha nozeli. Wa bluu ni oili inayoungua, mara nyingi ringi za pistoni zimekwisha. Kuongeza oili kila wiki si matengenezo. Mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto unaweza kuwa maji yanayoingia kwenye silinda. Na kama umeng'oa masega (kifaa kinachopunguza gesi chafu) kwenye bomba la moshi ukayauza, gari la petroli linaweza lisionyeshe moshi wowote huku gesi chafu zikiongezeka mno. Mafuta si kisingizio: nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana dizeli isiyozidi salfa sehemu 50 kwa milioni tangu Januari 2015.

Barakoa inasaidia?

Ya kitambaa, kidogo mno. N95 huchuja angalau asilimia 95 ya chembe ngumu kuchujwa, mradi imebana: puliza kwa nguvu, ukihisi hewa machoni au miwani ikiota ukungu, inavuja. Ndevu huivujisha pia. Haizuii gesi. Inamfaa dereva wa bodaboda au mfagia barabara. Kumwambia mtu aivae miaka 20 kwenye joto la Dar si mpango wa afya.

Na mashine ya kusafisha hewa?

Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye dari ya mita 2.7 kina mita za ujazo 32.4. Ili hewa ibadilike mara 5 kwa saa unahitaji mashine ya kusafisha mita za ujazo 162 kwa saa, na madirisha yafungwe. Kwenye nyumba ya madirisha ya nyavu unasafisha hewa ya mtaa mzima kwa Luku yako. Kiyoyozi cha kawaida hakichuji PM2.5.

Maziwa si yanasafisha mapafu?

Hapana. Maziwa yanakwenda tumboni.

Programu ya simu inaonyesha 62. Ni nzuri?

Kwanza ujue 62 ni ya nini. Nyingi huonyesha kielezo cha Kimarekani cha ubora wa hewa, si maikrogramu. Kwa kielezo kilichorekebishwa 2024, 62 ni kama maikrogramu 15: rangi ya njano, inayosemwa "wastani". Kwa siku moja umegusa ukomo wa WHO. Ukiipata mwaka mzima ni mara tatu ya mwongozo.

Vipima vidogo vya bei nafuu hutumia mwanga wa leza, na unyevu wa Dar huvipotosha: chembe hunyonya maji, huvimba, na kipima husoma juu kuliko hali halisi. Kifunge kwenye kivuli, mita 1.5 hadi 3 kutoka chini, mbali na jiko na bomba la kiyoyozi, na kilinganishwe kwanza na kituo rasmi. Wiki moja ya vipimo haikupi wastani wa mwaka, kwa sababu masika na kiangazi havifanani.

Nina miaka 50. Nimeshavuta yote hayo, kuna faida gani sasa?

Watafiti wa ile miji sita waliwarudia watu walewale, na mwaka 2006 wakachapisha matokeo: pale PM2.5 iliposhuka, vifo vilishuka pia, hasa vya moyo, na kushuka huko kulionekana ndani ya miaka michache bila kusubiri kizazi kipya. Hatari nayo hubadilika kwa kasi zaidi kwenye viwango vya chini vya PM2.5 kuliko vya juu, maana yake kila maikrogramu unayoendelea kuiondoa ina thamani. Wakati huohuo pima presha na sukari, kwa kuwa ndizo moshi unazoegemea.

Jirani anachoma taka kila jioni. Nimpeleke wapi?

Anza kwa mwenyewe, kisha mjumbe, kisha ofisi ya serikali ya mtaa na afisa afya wa kata. Kiwanda au karakana inayofuka moshi ni jambo la NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira. Andika tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, kinachochomwa na upepo unakoelekea, kwa angalau wiki mbili. Piga picha moshi ukiwa umetoka, na nyingine ya majivu asubuhi yake. "Anatusumbua kila siku" hujibiwa kwa barua. Orodha ya jioni 11 zenye saa na picha humtoa afisa ofisini. Na ulizia kwanza kama gari la taka linafika mtaani kwenu, maana mara nyingi kiberiti huwashwa pale lilipoacha kupita.